Nzi wa Jumatano

Hapa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
watu wanaangalia saa kwenye simu.
Mwezi mzima nimebadilisha betri tatu,
nikapunguza mkanda wa bwana harusi mmoja,
na mikono, isiyojua kukaa bure,
ikanizonga kama watoto wenye njaa.

Ndipo nikakumbuka kile kikopo.

Alikileta Bwana Shemweta, vuli ile iliyozoa daraja,
pamoja na saa ya ufunguo
iliyosimama saa tisa na dakika saba.
"Viweke pamoja," akasema. "Nitapita Jumatano."
Stakabadhi namba 418 ninayo bado.
Jumatano zimepita mia sita, na ushei.

Ndani, nzi kumi na mmoja.
Si wa jalalani. Wa manyoya na uzi,
kila mmoja na ndoana tumboni
kama mtu mwenye siri.

Nikaweka lenzi jichoni, nikamchagua wa kijivu,
nikamfungua kama nifunguavyo saa,
mzingo kwa mzingo, kichwani hadi mkiani,
nikiandika nyuma ya kalenda ya duka la saruji:
uzi mweusi mara tisa, unyoya mara nne, fundo, gundi.
Alipokwisha, mezani palibaki vumbi la rangi
na ndoana tupu.
Saa ukiifungua hurudi.
Yeye hakurudi.

Wangu wa kwanza alifanana na mswaki uliotafunwa.
Wa nane, mke wangu alimpiga kandambili.
Nikajua ninakaribia.

"Mji mzima unafukuza nzi," husema Mwanahamisi,
"mume wangu anawasuka."
Lakini ni yeye aliyemshika jogoo
nikimng'oa manyoya mawili ya shingoni,
yeye aliyetoboa mto wa kulalia: sufi huelea, jaribu.
Na mkia, akasema, uwe mkonge,
uzi mmoja, uuchane kwa ukucha
hadi uwe mwembamba kuliko unywele.
Baba yake alikata mkonge Ngombezi miaka thelathini.
Viganja vyake alizikwa navyo, vikiwa bado na nyufa.

Zigi, chini ya Kisiwani, ina rangi ya chai kavu.
Mwanzi wangu mrefu, kamba nzito, nzi mwepesi:
huku hurushi chambo, unarusha kamba
na nzi anafuata kama mgeni asiyejua njia.
Hili halikunisumbua. Ni uso wa saa tu.
Mwanzi usivuke mbili, usishuke chini ya kumi,
na katikati, pale juu,
subiri.

Wawili wa kwanza walinasa juu ya mti.
Mkuyu ulikula kabla ya kuyu.

Kijana mmoja, Hizza, mchota mchanga,
akaweka sepetu chini. "Babu, chambo kiko wapi?"
"Ndicho hiki."
"Samaki wa hapa si wajinga."
Nikatafuta methali ya kumjibu.
Nzi kufia kidondani si hasara, ndiyo iliyonijia,
lakini huyu wangu hajawahi kuishi,
basi nikanyamaza.

Kisha maji yakafanya kidole cha duara
nyuma ya jiwe, na nzi hayupo.

Kuyu. Si mkubwa, kiganja na nusu,
midomo minene, sharubu zikitweta,
magamba kama shaba iliyosuguliwa juzi.
Nilimtoa ndoana kwa koleo la kutolea mishale ya saa.
Nikamshika dhidi ya mkondo mpaka akakumbuka kuogelea.

"Mboga hiyo!" Hizza alipiga kelele. "Babu, mboga hiyo!"
Hata sasa sina jibu lake.

Sikukwambia jambo moja.
Nzi yule nilimfunga kwenye ile ndoana tupu,
ya kijivu aliyekuwepo.
Nimemkausha, nimemchana, nimemrudisha kikoponi.
Ananuka mto kidogo.
Saa nayo inatembea, nimeitia ufunguo leo.
Bwana Shemweta akipita atahesabu: kumi na mmoja.
Akimtambua asiye wake,
simtozi kitu.